Siasa ya Riwaya Huanzia Nyumbani kwa Wahusika

Lawama inayosikika sana juu ya riwaya za kisiasa ni kwamba siasa imezidi na mapenzi yamepwaya. Wengine hulalamika kinyume chake: mwandishi alianza vizuri na mgomo wa wafanyakazi, halafu akazama katika barua za wapenzi. Lawama zote mbili hutokana na kosa moja la usomaji. Msomaji anadhani siasa iko mkutanoni na mapenzi yako chumbani, na kwamba kazi ya mwandishi ni kuchanganya kijiko cha huku na kijiko cha kule mpaka ladha ikubali. Riwaya iliyoiva haigawiki hivyo. Nani anashika ufunguo wa nyumba, nani anasoma barua ya mwenzake bila ruhusa, nani anajua pesa zilipo, nani anangoja na nani anangojwa: hayo ni mambo ya utawala, na ndipo pa kuanzia kuitafuta itikadi ya kitabu.

Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Maksuudi ni mwanasiasa, na ingekuwa rahisi kumweka jukwaani muda wote. Lakini tunamjua zaidi kwa jinsi alivyowafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Baada ya hapo, msomaji hahitaji kuambiwa mtu huyu atatawala vipi akikabidhiwa watu wengi zaidi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Zakaria anaigundua barua ambayo binti yake ameandikiwa na mvulana, na kipigo kinafuata. Ni tukio la ndani ya familia moja, lakini linaeleza kwa nini Rosa atafika mbele ya wanaume wenye vyeo bila kuwahi kufundishwa namna ya kukubali wala kukataa kwa hiari yake. Nyumba imeshafanya kazi ambayo sura tatu za hotuba zisingeweza kuifanya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni hili: je, mamlaka yanayosemwa nje yanaonekana ndani? Yakikosekana ndani, hotuba za nje ni mapambo. Na kuna namna ya kulikagua jambo hili kwa penseli badala ya kulibishania kwa hisia.

Usomaji wa kwanza uwe wa raha. Soma bila kuandika chochote, maana msomaji anayeshika penseli tangu ukurasa wa kwanza huwinda makosa na kukosa hadithi. Usomaji wa pili ndio wa kazi. Kila sura ikiisha, andika mstari mmoja tu wenye mambo matatu: nani alitaka nini, nani aliamua, nani alilipa. "Kulipa" hapa ni kupoteza kitu: kazi, heshima, mtoto, usingizi, nafasi ya kusoma. Riwaya ya sura 15 itakupa mistari 15, nayo inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukimaliza, soma safu ya waliolipa kutoka juu hadi chini. Mara nyingi utakuta jina moja au mawili yanajirudia, na mara nyingi si majina ya wale wanaotoa hotuba. Hapo umeshapata hoja kuliko yule anayesema tu kwamba kitabu "kinatetea wanyonge."

Hotuba zenyewe zina kipimo chake. Ifunike hotuba kwa kiganja, usome aya iliyotangulia na aya inayofuata. Kama hakuna mhusika aliyebadili mwendo, aliyeudhika, aliyeogopa au aliyeamua jambo kwa sababu ya maneno yale, basi hiyo ni hotuba ya mwandishi, naye mhusika ameazimwa mdomo tu. Tatizo hili ni baya zaidi pale hotuba inapovishwa nguo za mapenzi. Tuseme kitabu kina mazungumzo kama haya:

"Asha mpenzi wangu, nakupenda kuliko chochote, lakini siwezi kunyamaza huku viongozi wetu wakifuja mali ya umma na maskini wakizidi kudhulumiwa."

"Nakuunga mkono, Juma," alijibu Asha, machozi yakimlengalenga.

Hapa pana makosa matatu. Asha tayari anaijua misimamo ya Juma, kwa hiyo maneno haya hayamfai yeye, yanamfaa msomaji. Asha mwenyewe amegeuzwa hadhira: hana swali, hana hofu yake, hana tumbo la kushiba wala njaa. Na mapenzi yametajwa ili kulainisha hotuba, hayatendi kitu. Sasa tazama mambo yale yale yakipitia njia nyingine:

"Umelipa kodi?"

"Nimeitoa chamani."

Asha akaendelea kukunja nguo. "Yote?"

"Nitairudisha."

"Mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Utakuwepo?"

Juma akatazama saa.

Chama kimetajwa mara moja tu, lakini siasa imejaa chumba kizima. Tumejua kwamba Juma anaamini kweli, maana ametoa pesa isiyokuwa na nyongeza. Tumejua kwamba ameamua peke yake. Tumejua pia nani atafungua mlango Jumamosi. Msomaji anaweza kumheshimu Juma na kumkasirikia kwa pamoja, na hali hiyo ya kuvutwa pande mbili ndiyo tunayoitafuta katika riwaya. Mwandishi akituondolea upande mmoja, ametunyima sababu ya kusoma hadithi; angetuandikia makala tu.

Adam Shafi aliujua vizuri mvuto wa namna hiyo. Katika Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, Yasmin anaozwa Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, huko Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar. Kisha anampenda Denge, mpinga ukoloni anayesakwa na polisi. Wasomaji wengi humsoma Denge kama shujaa na Yasmin kama tuzo yake. Jaribu kuisoma kinyume. Mtu anayesakwa hana saa ya kurudi wala anwani, na hawezi kusema kila anachojua hata kwa anayempenda. Yasmin aliyetoka katika ndoa aliyokuwa amefungiwa anaingia katika mapenzi ambamo mlango uko wazi lakini mwenzake hayupo. Kwa hesabu ya "nani alilipa," uhuru wa nchi unagharamiwa na watu wawili, na mmoja wao hana jina katika orodha ya wapiganaji. Sitaki kusema kitabu kinamlaumu Denge. Ninachosema ni kwamba gharama ile imo katika hadithi, na msomaji anayetazama upande wa polisi na chama peke yake ataipita bila kuiona.

Kipimo kingine ni cha vitenzi, nacho kinahitaji uvumilivu kidogo. Chagua kurasa kumi ambamo wapenzi au wanandoa wote wawili wapo. Piga mstari chini ya kila kitenzi cha moyoni: aliwaza, alikumbuka, alishuku, alitamani, alihofu, alijua, alijuta. Pembeni andika herufi ya mwenye kitenzi. Halafu tafuta vitenzi vya nje vya yule mwenye herufi chache. Ukikuta kwamba mume anawaza, anashuku na anakumbuka, ilhali mke anatabasamu, analia, ananyamaza na anainamisha kichwa, basi mke huyo anatazamwa tu. Kitabu kinaweza kuwa kinahubiri haki za wanawake katika kila sura na bado kikawa hakijamwazima mwanamke hata mmoja fikra moja. Huu ndio ushahidi unaouma, kwa sababu haubishaniki: vitenzi viko pale pale, na yeyote anaweza kuvihesabu.

Tahadhari mbili hapa. Riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza haiwezi kuingia katika kichwa cha mtu mwingine, hivyo kuihukumu kwa hesabu hii ni kuionea. Katika riwaya hizo uliza kama msimulizi huwa anakosea anapomkisia mwenzake, na kama matukio yanamsahihisha. Msimulizi asiyekosea kamwe kuhusu moyo wa mkewe ni msimulizi wa kutiliwa shaka. Tahadhari ya pili: wakati mwingine mwandishi anamfunga mhusika mmoja, yaani anatuficha yaliyo moyoni mwake, kwa makusudi, kama vile mwanaharakati ambaye mkewe hajui anakokwenda usiku. Kumfunga huko kuna maana iwapo mke anahangaika nako, anakisia, anapekua mifuko ya koti. Kama hakuna anayehisi kufungwa huko, ni uvivu wa mwandishi.

Angalia pia wanavyoitana, kwa kuwa Kiswahili kimemjalia mwandishi zana ambayo wengi huiacha ghalani. Mke aliyemwita mumewe "Baba Fulani" kwa sura sita, siku ya ugomvi akamwita kwa jina lake tupu, amefanya mapinduzi bila kupaza sauti. Mume anayetaka kuitwa "mheshimiwa" hata mezani kwake ametueleza cheo kimempandia hadi wapi. Mfanyakazi anayeacha kusema "bwana" na kuanza kusema "wewe," kijana anayechelewesha shikamoo, baba mkwe anayemwita mkwewe "mwanangu" mbele za watu na "huyu" wakiwa peke yao: kila badiliko la namna hiyo liwekee alama pembeni. Mwandishi makini hulipanga. Mwandishi asiye makini humfanya mke aite "mume wangu mpenzi" kabla ya talaka na baada ya talaka kwa sauti ile ile, na hapo unajua hakuwasikia wahusika wake wakizungumza.

Majina ya wahusika yanahitaji neno refu kidogo. Majina ya kimajazi, yaani yanayotaja tabia ya mwenye jina, yana historia ndefu katika riwaya yetu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anasimama kujitetea na Majivuno ndiye anayemshitaki. Hukumu ya mwandishi imo tayari ndani ya majina. Wapo wanaoitoa kasoro riwaya hiyo kwa sababu watu wake ni bapa, hawana chumba cha kulala wala wasiwasi wa moyo. Nadhani lawama hiyo imepotea njia. Kitabu kile ni istiara, yaani hadithi inayosimama badala ya jambo jingine, ya utawala na haki, kilichoandikwa chini ya ukoloni, na istiara haidai kutuonyesha ndoa ya mtu. Kasoro huanza pale mwandishi wa riwaya ya kihalisia, inayotaka tuamini chozi na wivu wa watu wake, anapowapa majina ya istiara. Mwanamume akiitwa Dhuluma, uchumba wake hauna tena taharuki. Tunajua utaishia wapi kabla hajatoa salamu. Jina la kimajazi hufaa zaidi linapopingana na mwenye jina. Ken Walibora alimwita mtawala wake Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea, mwaka 2012, na jina lile linamwelemea mwenyewe kadiri matendo yake yanavyofichuka.

Kitabu hicho hicho kina mfano mzuri wa tukio linalobeba mambo mawili kwa mkono mmoja. Mtemi anamzalisha msichana Lowela, mtoto anatupwa kwenye kibanda cha kijana Amani, na Amani na mwenzake Imani ndio wanaoteseka kwa ajili yake. Hakuna haja ya kueleza kwamba wanyonge hubeba dhambi za wakubwa. Mtoto yuko mlangoni na mtu lazima ambebe. Tofautisha na riwaya ambayo mtawala fisadi ana nyumba ndogo kwa sababu tu mafisadi huwa nazo. Huko uhusiano ni beji ya ubaya. Mwanamke wa nyumba ndogo anaingia, anavaa vizuri, anatoka, wala hatujui alikubali nini ili apate nini. Ukikutana naye, muulizie mambo manne: alitoka wapi, anapata nini, anaogopa nini, na nini kitamfika huyo mkubwa akianguka. Kitabu kisichojibu hata moja kimemtumia kama mtawala anavyomtumia.

Sadfa ni mahali pengine pa kulegea. Mwandishi anayeendesha hadithi ya siasa na hadithi ya mapenzi bila kuzifunga pamoja hufika katikati akatafuta gundi, na gundi iliyo karibu ni sadfa: mpelelezi kumbe ni kaka wa mchumba, gereza kumbe linaongozwa na mume wa zamani. Kanuni ninayoishika ni kwamba sadfa ya kuwaingiza wahusika matatani inavumilika, ila ya kuwatoa haivumiliki. Chora mistari miwili kwenye karatasi, wa juu matukio ya nchi au kijiji, wa chini matukio ya wapenzi, kisha unganisha kwa mshale kila palipo na sababu na matokeo. Mishale ikishuka tu kutoka juu kwenda chini, wapenzi ni wahanga wasio na tendo. Ikiwa hakuna mishale, una vitabu viwili katika jalada moja. Inapopanda na kushuka, ndipo mambo yamefungamana: mgomo unavunja uchumba, na uchumba uliovunjika unamfanya mtu atoboe siri ya mgomo. Kwenye karatasi hiyo hiyo makosa ya muda nayo hujitokeza yenyewe, kama mimba ya miezi 11, au mfungwa wa miaka saba anayetoka na kumkuta mchumba yuko vile vile, hata mtindo wa nywele haujabadilika.

Weka pia miaka miwili juu ya karatasi: mwaka wa matukio na mwaka wa kuchapishwa. Kuli ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1979, lakini wafanyakazi wake wa bandarini wanaelekea mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948. Kati ya tarehe hizo mbili ukoloni uliondoka na mapinduzi yakafanyika, na mwandishi anajua yaliyofuata ilhali wahusika hawajui. Mhusika wa mwaka 1948 akizungumza na mkewe kwa uhakika wa mtu wa 1979, hilo ni kosa la kuandikia. Msomaji wa leo akimdai mhusika yule awe na fikra za leo kuhusu ndoa, hilo ni kosa la kusoma. Kumlaumu mtu wa kitabu kwa kutokujua kilichokuwa hakijajulikana kunatuzuia kuona alivyojitahidi ndani ya kile alichokijua.

Na maneno ya mhusika yasichukuliwe kuwa maneno ya kitabu. Mume anayesema mwanamke hana akili anaweza kuwa katika riwaya inayompinga vikali kuliko zote. Tazama matukio yanamfanyia nini. Uamuzi alioufanya bila kumsikiliza mkewe ukimfilisi, kitabu kimemjibu. Ukimfanikisha, na mke akaja kuomba radhi, basi kitabu kimekubaliana naye, hata kama sura inayofuata ina mkutano wa kupigania usawa.

Mwisho wa riwaya ndiko waandishi wengi huponyoka. Siasa ni ngumu kuimaliza, hivyo mwandishi huua au huozesha. Dikteta anaugua, anajiua au anatubu. Vijana wawili safi wanafunga ndoa, na ndoa yao inatakiwa tuihesabu kama serikali mpya. Ukifika hapo, uliza hati ya shamba iko kwa nani sasa, nani anakalia kiti, na polisi waliotesa watu katika sura ya nane wanafanya kazi wapi. Kama majibu hayapo, aliyekufa ni mtu mmoja na mfumo uko salama. Uliza pia ni mwanamke gani amekufa ili wengine wajifunze. Kifo cha Rosa kimebishaniwa kwa miaka mingi, na kitabu chenyewe kiliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania. Wapo wanaoona Kezilahabi amemwadhibu binti, wapo wanaoona ameishitaki jamii. Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu iko katika safu ya waliolipa: kitabu kinaonyesha waziwazi malezi, walimu na wachumba waliochangia, hakimwachi Rosa peke yake na dhambi zake. Anayepinga aje na kurasa, tutasikilizana.

Maana mjadala wa riwaya hauendi bila kurasa. Ukiandika maoni yako, sentensi ya kwanza itaje tukio na ukurasa, ya pili ieleze kinachotendeka humo, nani kwa nani, ya tatu itoe hukumu. Ukianza na hukumu, utajikuta unatafuta ushahidi wa kuilinda, na utaacha ule unaokusuta. Ukitaja ukurasa, taja na toleo, kwa kuwa kurasa za toleo jipya huwa hazilingani na za zamani, na watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima juu ya ukurasa 87 ambao si mmoja.

Jambo ambalo wakaguzi wengi hulisahau ni mtumishi wa ndani. Wapenzi wawili wasomi wanakaa sebuleni wakijadili haki na ukombozi. Chai inaletwa, vikombe vinaondolewa, mtoto ananyamazishwa, na aliyefanya yote hayo hana jina wala kitenzi cha moyoni. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, alimweka Kijakazi, mtumishi wa kasri, katikati ya hadithi, na mara moja kasri lote likaonekana kwa umbo lake halisi. Si lazima kila riwaya ifanye hivyo. Lakini mtafute katika kila riwaya unayosoma. Hesabu mara anazotajwa, uone kama anaitwa kwa jina au kwa kazi, uone kama kuna hata mara moja ambapo wale wawili wanaopendana na kuipenda nchi wanamgeukia na kumuuliza swali lisilohusu chai.